Mzee, nina nafasi Alhamisi, dakika 30

Najua mmeshaisikia. Swahiba wangu, ambaye kanzu aliyovaa Jumamosi nilimnunulia mimi, ametangaza kwenye magrupu matatu kwamba nilimwomba baba mkwe aahirishe kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha ukweni, ili nimalize kazi. Uongo mtupu. Sikuomba kuahirisha. Nilikataa kuhudhuria, na sikujua kama nimekataa. Kuna tofauti hapo, ila ukiwa umekaa chini ya hema huko Mukono, Uganda, mbele ya ukoo mzima wa watu, tofauti hiyo huioni.

Kwa wageni: mimi ni mkalimani. Kazi huja kwa barua pepe, na mteja wa siku hizi usipomjibu ndani ya nusu saa ameshampata mwingine. Basi nikakesha siku tatu nikaandika kaprogramu. Kila dakika 10 kanafungua barua mpya, kanatafuta tarehe na saa, kanaiuliza kalenda kama niko huru. Niko huru? Kanapokea kazi na kuiandika kalendani. Sina nafasi? Kanakataa kwa adabu na kutaja nafasi inayofuata. Nilijisifu hapahapa, mnakumbuka. Niliringa jinsi nilivyokafundisha saa zetu: mteja akiandika saa nane mchana, kajue ni 14:00, si 8:00. Kalenda ikijibu kwa saa za Greenwich, kaongeze 3 za Afrika Mashariki. Mabonde yote niliruka kama swala, nikaja kujikwaa kwenye kisiki.

Kisiki chenyewe ni hiki. Kwanjula yangu niliiandika kalendani kama shughuli ya siku nzima, bila saa, maana nani anajua kwanjula inakwisha saa ngapi? Kumbe kalenda yangu shughuli ya siku nzima inaihesabu kama siku ya kuzaliwa ya mtu: inakukumbusha tu, haikufungi. Usipoibadilisha mwenyewe, unaonekana huru. Kwa hiyo Jumatatu, mteja alipotaka mkalimani Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, kaprogramu kakachungulia, kakaona Jumamosi nyeupe, kakamjibu karibu sana. Mimi nilikuwa Busia, nawapimisha baba wadogo kanzu.

Jumanne mzee, yaani baba mkwe, mstaafu anayeandika barua pepe kama dokezo la ofisini, akatuma ratiba. Wageni wawe langoni Jumamosi saa nne kamili, tafadhali thibitisheni. Aliwaandikia wasemaji wa pande zote mbili, sisi wengine akatuweka kwenye nakala. Kaprogramu kakasoma: tarehe ipo, saa ipo, kuthibitisha kupo. Kazi hii! Kakaiuliza kalenda, ikasema jamaa ana mteja. Kakajibu. Kakawajibu wote. Nakala yangu ikaenda kulala kwenye folda niliyoitenga ili nisisumbuliwe.

Siku nne nzima hakuna aliyeniambia. Hata mchumba wangu! Nasikia baba yake alimwambia, "Mwache aje."

Sasa, kwenye kwanjula bwana harusi kazi yake ni kunyamaza. Anayesema ni msemaji. Wewe unakaa na koti lako juu ya kanzu, unatoka jasho. Salamu zimeshapita, vichekesho vya lango vimeshapita. Ndipo msemaji wa wakwe akavaa miwani. Nikajiuliza, miwani ya nini kwa mtu anayesema kutoka kichwani? Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akafungua mkunjo mmoja. Akatutazama. Akafungua wa pili. Akagonga maiki kwa kidole. Akasema wamepokea barua kutoka kwa kijana wetu, ya kumjibu mwenye mji. Mimi nikadhani ni utani wa barua ya posa, nikatabasamu. Video ya tabasamu lile ipo, msiniombe.

Akasoma kwanza kwa Kiingereza. "Mpendwa mteja." Hema likanyamaza. "Asante kwa kunifikiria katika kazi hii." Nyuma mtu akapiga chafya, au alicheka, sijui. "Kwa bahati mbaya tarehe hiyo nina shughuli nyingine." Hapo nikaijua barua. Niliitunga mwenyewe, usiku, nikiwa na chai. "Nafasi yangu ya karibu ni Alhamisi saa nne asubuhi, kwa dakika 30." Akanyanyua macho juu ya miwani, akamtafuta baba mkwe, kisha akamalizia polepole: "Tafadhali nijulishe bajeti yako."

Mngedhani yameisha. Akairudia kwa Kiganda kwa ajili ya akina jajja, yaani mabibi na mababu, sentensi kwa sentensi. Mimi nakula kwa ukalimani, kwa hiyo nakiri: ilikuwa tafsiri safi, hata vituo aliviweka mahali pake. Alipofika kwenye *eddakiika amakumi asatu*, bibi mmoja akashika kichwa: "Banange!"

Na baba mdogo, ambaye Kiganda chake kinaishia kwenye *webale*, yaani asante, akaniinamia. "Wanasema nini?"

"Wanatukaribisha."

"Mbona wote wanakutazama wewe?"

Nikamtafsiria. Kwa kunong'ona, kwa Kiswahili, aibu ileile kwa lugha ya tatu. Akatulia kidogo akiwaza. Kisha akauliza, "Sasa bajeti wamekutajia?"

Mengine ni mafupi. Msemaji wetu aliomba radhi mpaka sauti ikakauka, tukatozwa faini ya laki mbili papo hapo, ssenga, shangazi wa bibi harusi, akanichukua, mke nimepewa. Mteja alinipigia mara 11 nikiwa nimezima simu, na kazi imeenda kwa mwingine. Kaprogramu nimekazima.

Mnaouliza kwa nini Alhamisi: Jumatatu hadi Jumatano nilikuwa nimeziziba nipumzike baada ya sherehe, na hizo niliziandika na saa zake kabisa. Usingizi wangu kaliuheshimu.

Leo ni Jumatano. Asubuhi mzee ameniandikia, safari hii bila nakala kwa mtu. Amethibitisha. Nifike Mukono kesho saa nne, dakika 30, na bajeti tutaizungumza tukionana.