Natafuta Karatasi ya Kuwa Sina Mke

Wiki ya tatu hii nazunguka mji kuomba watu waniandikie kwamba sina mke. Mnacheka? Hebu jaribuni nyie.

Nilianza kwa sheha. Asubuhi na mapema, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani. Nikamwambia, sheha, nataka barua kuwa mie sina mke. Akavua miwani. "Khamis, wewe mwanamme wa Kiislamu. Hata ungekuwa naye mmoja au wawili, nani kakukataza kuongeza?" Nikamweleza kwamba ndoa nakwenda kufunga Uingereza, na wenzetu kule mke ni mmoja, wa pili ni kesi. Akatikisa kichwa kama anayepewa habari ya msiba, akagonga muhuri.

Na msiniulize kwa nini nisifungie hapa hapa Malindi, Unguja. Mchumba ni mtoto wa kwetu, ila kazaliwa Leicester, na bibi yake aliyemlea miguu imekataa, ndege hapandi. Bibi kasema arusi ataiona kwa macho yake, si kwa simu. Basi tukafunge huko, kisha tuje zetu tuishi Bububu. Rahisi, si ndiyo?

Thubutu! Kwanza ndoa ya sheikh peke yake haitoshi kule. Msikiti usiposajiliwa kwa ndoa, serikali inakuhesabu mgeni aliyekula biriani akaondoka. Lazima uende na kwa msajili. Kwa hiyo mke mmoja namuoa mara mbili, na mahari nimeshaona watu wanaanza kunitazama. Halafu kabla ya msajili kukufungisha, jina lako linabandikwa ofisini kwao siku 28, mwenye pingamizi ajitokeze. Siku 28! Hapa Darajani jina la mtu ukilibandika asubuhi, kabla ya alasiri kashapatikana mke asiyemjua, watoto wawili, na mzee anayemdai baskeli.

Viza nayo ina maneno. Ipo ya watu wanaokwenda kuoa tu, miezi 6, na uwaoneshe kwamba ukishaoa utaondoka. Yakhe, kwetu mwanamme akioa akaondoka anaitwa mhuni. Wao ndiyo sharti.

Jina langu silisemi sana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, pasi inasema Hamis, cheti cha skuli kinasema Khamisi. Wakili kaniandikia hati ya kiapo kwamba watu wote watatu ni mimi. Nimelipa, nimeapa, yamekwisha.

Kilichonitoa jasho ni talaka. Maana mie nimeshaoa nikaacha, na aliyewahi kuoa Waingereza wanataka waone hati ya kuachana. Nikaenda mahakama ya kadhi. Karani akauliza, ulimwachaje? Nikasema niliandika karatasi. Iko wapi? Nikanyamaza. Karatasi ya talaka anaiweka nani, kama si aliyeachwa?

Nikapanda daladala hadi Jang'ombe kwa mtalaka wangu. Akanifungulia mumewe, jitu la watu, singlendi na kikoi. Nikasalimu mara tatu. Nikaeleza shida yangu nimesimama, kikombe cha chai nimepewa na sinywi. Kutoka ndani nasikia sauti niliyoisikia miaka tisa: "Mwambie iko kwenye sanduku, mvunguni!" Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini chumba kile mie nitainama vipi? Akainama mumewe. Namsikia anaguna huko, anavuta mabegi, anapiga chafya. Alitoka na utando wa buibui kwenye nyusi, akanikabidhi karatasi kwa mikono miwili kama cheti cha mahafali. "Hongera," kaniambia. Sijui kwa lipi.

Ukurasa wa daftari, umekunjwa mara nne, una harufu ya udi. Mwandiko wangu mwenyewe. Kadhi akaupokea, mashahidi wakaitwa, hati nikapata. Ila huyu kijana anayenijazia fomu za viza kasema niambatishe na ule ukurasa, na kila kisichokuwa Kiingereza kitafsiriwe, mbele na nyuma, hata nukta isirukwe.

Nyuma? Nyuma kuna nini? Sikuwahi kupageuza.

Nikaupeleka dukani kwa jirani kutoa kopi, ndiye mwenye mashine mtaani. Akatoa upande wa kwanza, akageuza, akasita. Akaukaribisha ukurasa kwenye taa. Mwandiko wa upande ule si wangu, ni wake huyu huyu jirani: unga kilo mbili, nazi nne, sabuni mche mmoja, mafuta ya taa.

Akanitazama. Akazima mashine.

"Khamis," akasema, "hizi nazi ulilipa?"