Kosa Linalomwogopa Fundi

Leo asubuhi, nikiwa katikati ya hati ya kutolea magunia ya unga wa mahindi, na dereva akiwa amekwisha kuliwasha lori uani, ukurasa wa programu yetu ya ghala ulitoweka, na mahali pake pakasimama namba 502 juu ya kioo cheupe, bila salamu wala maelezo. Nilibonyeza tena, ukurasa ukafunguka. Nikabonyeza pa kuhifadhi: 502. Nilinyamaza kidogo, kwa heshima ya umri wangu na wadhifa wangu, kisha nikabonyeza tena, na mambo yote yakawa shwari.

Niseme wazi kwamba sina ugomvi na kitu kilichokufa. Umeme ukikatika hapa Lubumbashi, unajua umekatika: jenereta la jirani linaanza kunguruma, kila mtu anaangalia simu yake imebakiza asilimia ngapi, na mazungumzo yanaendelea. Mega za intaneti zikiisha, zimeisha. Lakini programu inayokufa na kufufuka kabla hata chai haijapoa, tena inayochagua nani wa kumfia, hiyo imevuka hitilafu na kuingia katika dharau.

Kwa kuteseka nayo nimejifunza kwamba namba zinazoanzia 400 humlaumu mwombaji, na zinazoanzia 500 huilaumu seva yenyewe, ile kompyuta ya mbali inayotuletea kurasa. 404 ni kwamba umeomba ukurasa usiokuwepo. 500, seva imevurugikiwa ndani. 502, seva iliyo mlangoni imemuuliza mwenzake wa nyuma na kupewa jibu lisiloeleweka. 504, imengoja jibu hadi ikachoka. Kwa hiyo ninapoandika kwa adabu zote kwamba nimepata 502, halafu ofisi inayohusika ikanijibu, "Papa, futa kashe ya kivinjari chako," yaani nakala za kurasa zilizobaki kwenye kompyuta yangu, huwa najiuliza ni nani kati yetu anayelipwa kwa kujua mambo haya. Hata hivyo nilifuta. Nilifuta kashe, nikafuta vidakuzi, nikabadilisha kivinjari, nikazima na kuwasha kompyuta, nikazima na kuwasha kile kisanduku cha intaneti chenye taa za kijani, na lau wangeniagiza nimzime na kumwasha mlinzi wa lango, ningemfuata na yeye.

Hatimaye, wiki iliyopita, walimtuma fundi mwenyewe, kijana nadhifu mwenye mkoba mgongoni na adabu ya kutosha. Nilimpisha kwenye kiti changu. Akabonyeza, ukurasa ukafunguka papo hapo. Akabonyeza tena, ukafunguka upesi kuliko nilivyopata kuuona ukifunguka tangu niajiriwe.

"Papa, inafanya kazi."

"Kwako, mwanangu."

"Lakini kompyuta ni hii hii yako, Papa."

Kosa hili ni kama mtoto anayelia usiku kucha na kunyamaza mnapoingia hospitalini. Fundi aliniomba sahihi ya kuthibitisha kwamba tatizo limekwisha, akaaga. Hajafika langoni, 502. Nilipiga ukelele dirishani kwa sauti ambayo sikujua kwamba bado ninayo. Mlinzi, aliyedhani kijana ameondoka na mali ya kampuni, akamkamata mkoba na kumrudisha hivyo hivyo mpaka ofisini. Fundi akaketi. Ukurasa ukafunguka.

Sasa tulikuwa na baraza kamili: fundi, mlinzi, ambaye hakutaka kuuachia mkoba, mama anayetuuzia maandazi, na dereva, aliyekuja kuuliza kama hati yake itatoka kabla ya mvua kunyesha juu ya unga. Fundi akataka kila mtu ajaribu, ili ionekane kwamba tatizo ni mimi. Mlinzi akabonyeza, ukafunguka. Dereva akabonyeza: 502. Mama akapangusa mafuta kwenye kitenge, akabonyeza kwa kidole kimoja, ukafunguka. Dereva akarudia: 502. Kimya kikatanda, watu wote wakautazama mkono wa dereva.

"Umelala wapi jana?" mlinzi akamuuliza.

"Kasumbalesa, kwenye foleni."

"Basi ndiyo hiyo."

Dereva alikasirika, na alikuwa na haki. Mtu aliyemaliza foleni ya mpakani hastahili kushukiwa uchawi kwa sababu ya kioo cha kompyuta. Hapo nikamuuliza fundi kile ambacho mtu angeniuliza mimi kama ningekuwa fundi: hizo seva za nyuma ziko ngapi? Akasita, akasema mbili. Maombi hugawanywa mlangoni, moja huku, lingine kule, na kwa kuwa ofisi nyingine nazo zinabonyeza wakati huo huo, hakuna ajuaye zamu yake itaangukia wapi. Basi, nikasema, moja ni mgonjwa.

"Haiwezekani, Papa. Mlango hukagua afya zao kila wakati."

"Hukagua vipi?"

"Huomba ukurasa mmoja mdogo. Seva ikijibu, ni nzima."

Kwa maneno mengine, seva huulizwa hujambo, hujibu sijambo, na uchunguzi wa daktari umekwisha. Kwamba ikiombwa kwenda kuleta hesabu za unga kwenye hifadhidata huanguka njiani, hilo hakuna aliyeiuliza.

Fundi akampigia mwenzake wa Kinshasa, ambako ndiko yanakotunzwa maandishi ya kila jambo ambalo seva zimefanya. Wakataka saa kamili ya kosa. Nikawapa: saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mwenzetu akacheka, akasema kwamba kwao ilikuwa bado saa mbili na dakika arobaini, na kwamba hawana utaratibu wa kupokea malalamiko ya makosa yajayo. Nikamkumbusha kwa upole kwamba Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na kwamba nchi yetu ni moja ingawa ina saa mbili. Akatafuta saa mbili na dakika kumi, asikute kitu, kwa sababu seva zenyewe huandika kwa saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma yake kwa saa nyingine moja, na kwa hiyo alikuwa bado anatafuta kosa langu katika saa ambayo haijafika. Sisi watu wazima, wenye vyeti, tulikaa pale tukitoa na kujumlisha masaa huku mvua ikianza.

Mwishowe waliiwasha upya ile seva, wakatangaza ushindi. Seva ambayo kumbukumbu yake hujaa kidogo kidogo, ukiiwasha upya hupona, kisha huanza kujaa tena. Ilijaa upya leo asubuhi.

Haya yote ningeyavumilia kama 502 ingekuwa kosa kweli. Lakini mara nyingine seva huwa imekwisha kuihifadhi hati, halafu jibu ndilo linalopotea njiani. Unaona kosa, unabonyeza tena kama mtu yeyote mwenye akili, na ghala linakuwa limetoa mzigo mara mbili. Mhasibu anataka maelezo ya maandishi. Mama mmoja mwenye duka kule Katuba, aliyenunua magunia 100, amepokea ankara mbili, na amenipigia simu mchana huu si kukataa ile ya pili, bali kudai magunia yake mengine 100, maana karatasi inasema yametoka. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba ni magunia yale yale, yameandikwa mara mbili kwa sababu ya seva.

"Huyo Seva," akaniuliza, "anakaa mtaa gani, Papa, nimfuate?"

Nikamwambia wako wawili, wote wanakaa Kinshasa, na mmoja wao hana kosa.