Mwalimu, huyu binti uliyeniletea ana ndevu

Saa nne na robo usiku simu inaita. Nishavua viatu, miguu iko kwenye beseni la maji ya vuguvugu na chumvi, najipongeza mwenyewe kimoyomoyo kwamba wageni wangu 12 kutoka Ujerumani wamefika Tanga salama na kila mmoja kashakabidhiwa kwa familia yake. Napokea. Ni mama mmoja wa Chumbageni, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejifungia chooni.

"Mwalimu, huyu binti uliyeniletea ana ndevu."

Nikacheka. Nikamwambia mama usijali, wenzetu wale vinyweleo ni kawaida, si unajua tena baridi ya kwao... Akanikata.

"Mwalimu. Siyo vinyweleo. Ndevu. Na sauti nzito kama muadhini. Na ameshavaa dera."

Nikatoa miguu kwenye beseni.

Sasa ili mnielewe ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, lakini kila mwaka likizo ya katikati nasimamia mradi wa kubadilishana vijana, wanakuja watoto wa miaka 16 hadi 18, wanakaa wiki mbili, hawalali hoteli wanalala kwenye nyumba za watu, wanakula kinachopikwa, halafu mwaka unaofuata wa kwetu wachache wanakwenda kwao. Familia hazilipwi, tunazipa kihela kidogo cha chakula na maji ya chupa basi. Kabla ya kupewa mgeni tunakwenda kukagua, kuna chandarua? mlango unafungwa? choo kikoje? mwenyekiti wa mtaa anajua? Mambo mengi. Ila kitu nilichokuwa najivunia mimi kuliko vyote ni fomu.

Fomu zinajazwa miezi mitatu kabla. Unakula nini, nini kinakudhuru, unaogopa mnyama gani, unapenda nyumba yenye watu wengi au tulivu. Na Mjerumani ukimpa fomu anajaza kweli jamani, si kama sisi tunaoandika "hapana" kuanzia juu mpaka chini ili tuondoke. Kuna mmoja aliandika nusu ukurasa kuhusu yeye na maziwa tu. Nikakaa na hizo fomu wiki tatu nzima, nalinganisha mtoto na nyumba kama mshenga, huyu hapatani na paka asiende kwa bibi wa Ngamiani, huyu hali nyama asiende kwa Mzee Bucha, huyu anapenda mpira aende kwenye vijana. Vyote nikavipanga kwenye Excel, jina, jinsia, chakula, mzio, familia. Kazi safi, nikamuonyesha mpaka mke wangu, akasema "mh".

Siku mbili kabla wageni hawajafika, ofisi moja ikataka orodha ya majina kwa mpangilio wa alfabeti. Kitu kidogo. Nikachagua ile safu ya majina, nikabonyeza A mpaka Z. Kompyuta ikaniuliza swali. Lilikuwa swali refu la Kiingereza lenye majibu mawili, na mimi kwa tabia yangu kompyuta ikiniuliza kitu nabonyeza endelea, maisha yangu yote nimebonyeza endelea na sijawahi kufa. Kumbe maskini ilikuwa inaniuliza, mwalimu, nipange na haya mengine yote yanayofuatana na jina, au nipange majina peke yake?

Basi majina yakapanda na kushuka kila moja likakaa pake, na jinsia, chakula, mzio na familia vikabaki vimekaa vilevile vinatazama. Nikachapa nakala tano. Nikagonga na muhuri.

Mtauliza, mwalimu, hukuona kwa macho? Sikilizeni. Dar mpaka Tanga ni kama kilomita 350, nilipiga hesabu ya saa sita, sasa tulipopita Segera Coaster ikapata pancha, spea nayo ilikuwa pancha. Tumefika saa tatu usiku umeme umekatika mji mzima. Nasimama na tochi ya simu mdomoni naita majina, mtoto anaitika, familia inamchukua, kwaheri. Na nyumba ya Chumbageni haikuja mama wala baba, walimtuma mpwa wao na bodaboda, akaambiwa kamlete binti, akaona mtu mwembamba nywele za dhahabu mpaka kiunoni, kajifunga skafu usoni kwa vumbi, akampakia. Na mimi ndiye niliyemwambia "shika sana kiuno".

Nikafika Chumbageni nimevaa ndala, mguu mmoja bado una chumvi. Nyumba ile ina mabinti watatu, ndiyo maana niliwapangia msichana, na walikuwa wamemuandalia kitanda chumbani kwao, dera jipya limekunjwa juu ya mto, na hina imeshalowekwa. Namkuta kijana kakaa barazani na baba mwenye nyumba wanakunywa kahawa, dera la maua makubwa ya zambarau limemkaa vizuri kusema ukweli. Akainuka kunisalimia amefurahi, akaniambia hajawahi kupokelewa hivi, familia imempa mpaka vazi la asili la wageni.

Nikamtazama baba. Baba akanitazama.

"Nimemuacha," akasema. "Joto hili, na amelipenda. Ila mwalimu, chumbani kwa wanangu halali mtu."

Mabinti walishapelekwa kwa shangazi yao usiku uleule. Mzee akalala sebuleni na mgeni wake, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia yule kijana lile ni vazi la nani. Mpaka leo sijamwambia.

Nikarudi nyumbani mbio, nikafungua laptopu, nikalinganisha na fomu zenyewe moja moja. Jasho. Watoto 11 kati ya 12 hawako wanapotakiwa kuwa. Mmoja tu ndiye alifika sawasawa, kwa kuwa jina lake linaanza na A na tangu mwanzo alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Nikaanza kupiga simu. Kwa bibi wa Ngamiani mwenye paka saba kapelekwa nani? Binti wa mzio wa paka, nani mwingine. Bibi anasema mtoto anapiga chafya tangu aingie, na yeye bibi kila chafya anaitikia "Yarhamukallah" maana hawezi kuacha bila kuitikia, sasa wote wawili wamechoka. Huyo sikungoja asubuhi, nilipitia duka la dawa nikachukua setrizini nikamhamishia kwangu. Bibi alilia. Kesho yake akaja kumuona na vitumbua, kajitanda kanga iliyojaa manyoya ya paka, chafya zikaanza upya, Yarhamukallah zikaanza upya.

Kwa Mzee Bucha, Makorora, kapelekwa kijana asiyekula nyama. Mzee alikuwa amechinja mbuzi kwa heshima ya mgeni. Kijana akakataa. Mzee akajiuliza mtoto huyu ametoka safari, hali nyama, rangi nyeupe pe, hii malaria. Usiku uleule wamo zahanati wanampima, kipimo kinaonyesha hana kitu, mzee anamwambia nesi "pima tena".

Yule binti aliyeandika kwenye fomu kwamba anapenda nyumba tulivu na kusoma vitabu, yeye aliangukia nyumba yenye harusi. Nilimpigia simu mama mwenye nyumba tukashindwa kusikilizana kwa ngoma, nikasikia tu "yupo! anacheza!"

Na aliyetakiwa Chumbageni kwa wale mabinti? Yupo Mabawa, kwenye nyumba ya vijana watano wacheza mpira. Nilitaka kuzimia. Mama yao akaniambia tulia mwalimu, analala na mimi chumbani, baba yao nimemtupa sebuleni.

Asubuhi nikakodi Noah, nimeandika kwenye karatasi nani aende wapi, najiambia mpaka saa sita mchana nitakuwa nimenyoosha kila kitu. Nikaanza na Mabawa. Vijana wanne wamesimama mlangoni, wa tano yuko golini anapigiwa... hapana, nikaangalia vizuri, golini yupo yule binti, anapangua mipira kama hana akili nzuri. Nikaeleza kosa langu. Mkubwa wao akasema, "Shikamoo mwalimu, tumekuelewa, lakini Jumamosi tuna mechi." Tukajadiliana nusu saa. Mwisho binti akawa analala Chumbageni na kushinda Mabawa, na yule wa dera akahamia Mabawa, wakamjaribu mpira wakamrudisha benchi.

Nyumba nyingine zote walinigomea. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, lakini mgeni akishalala usiku mmoja tu kwenye nyumba ya mtu wa Tanga, jaribu kumuondoa uone. Mama wa harusi aliniuliza kama namuona yeye ana kasoro gani. Mwalimu mstaafu wa Raskazone, mzee wa watu analala saa mbili usiku baada ya taarifa ya habari, nilimpelekea bila kukusudia kijana mtundu anayependa kelele, nakwenda kumchukua nawakuta uani wanacheza bao. Hakuna aliyeinua kichwa. Mzee akasema, "Njoo keshokutwa, bado hajajua kulala." Nikasubiri aeleze, nikaelewa anaongelea kete.

Basi nikamlipa dereva wa Noah nauli ya kuzunguka bure, nikarudi.

Wiki mbili zikapita. Tulikwenda Mapango ya Amboni, tukawapitisha mjini tukawaeleza vita ya Novemba 1914, Tanga ikiwa mikononi mwa Wajerumani, jinsi Waingereza walivyoshuka kutoka melini na askari wengi, mabomu yakalia, nyuki nao wakaingilia, Waingereza wakarudi melini wenyewe. Watoto walicheka sana. Mimi nilikuwa nawahurumia Waingereza, nao bila shaka walikuwa na karatasi yenye mpango mzuri.

Katika wale 12 aliyeleta malalamiko ni mmoja. Aliomba kubadilishiwa familia siku ya nne, akasema haoni kama nyumba inamfaa. Yule wa A. Yule mmoja niliyempanga sawasawa.

Siku ya kuondoka stendi ilikuwa kilio. Kiongozi wao wa Ujerumani akanishika mkono kwa nguvu, akasema ametembea na vijana nchi nyingi hajaona watoto waliopangiwa familia kwa umakini namna hii, akaniomba nimtumie ule utaratibu kwa barua pepe. Nikamwambia nitatuma. Bado natafuta maneno.

Mwaka uliofuata hata sijaanza kugawa fomu, Mzee Bucha kaja nyumbani mwenyewe, kakaa, kanywa chai, kaulizia watoto.

"Mwalimu," akasema, "mwaka huu niletee tena asiyekula nyama. Yule hakunitia hasara hata kilo moja."