Anayenunua Umeme na Anayekaa na Joto

Mwezi Januari mwaka huu nilificha rimoti ya kiyoyozi ndani ya mfuko wa koti la suti ambalo silivai, nikafunga kabati, kisha nikamwambia mke wangu kwamba pengine watoto wameipoteza. Ninaandika haya kwa aibu, lakini ninayaandika kwa sababu nimezungumza na wanaume kadhaa wa rika langu hapa mjini na nimegundua kuwa kuficha rimoti si jambo geni hata kidogo: mmoja alitoa betri akazitia kwenye redio yake, mwingine alizima swichi ya kiyoyozi kwenye sakiti breka akadai kuwa kimeharibika mpaka fundi apatikane, na fundi huyo hakupatikana hadi masika yaliponyesha.

Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye kiyoyozi kimoja cha BTU 9,000. Kimefungwa chumbani kwetu, na usiku wa joto kali watoto wetu wawili huvuta godoro lao wakalala sakafuni chini yake. Mimi ninafanya kazi katika ofisi iliyopo Posta, katikati ya jiji, ambako baridi ya kiyoyozi ni kali kiasi kwamba baadhi ya wenzangu huvaa sweta mwezi wa Februari. Mke wangu ni fundi cherehani na kazi yake anaifanya nyumbani. Joto la kaskazi lilipopamba moto na sebule kugeuka tanuri, alihamishia cherehani chumbani, na kila siku kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni alishona huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Nilipoona kwamba luku, yaani umeme wa kulipia kabla, ambayo miezi ya kipupwe ilikuwa ikigharimu kama shilingi 55,000 kwa mwezi imevuka laki moja, nilimwambia kwamba feni inatosha, na kwamba sisi sote tumekulia katika nyumba zisizo hata na feni.

Jibu lake lilikuwa fupi. "Baba Asha, wewe hapa unakuja kulala tu. Hili joto kutwa nzima tunalo sisi."

Nimelitafakari jibu hilo kwa miezi kadhaa, na sasa ninaamini kuwa ndani yake ndimo ulimo ugomvi wote wa umeme katika nyumba zetu. Tumezoea kuamini kwamba anayetoa fedha za umeme ndiye mwenye haki ya kuamua utumike vipi, ilhali mara nyingi mtu huyo ndiye ambaye mchana wake anaupitisha katika ubaridi unaolipiwa na mwajiri, kisha jioni anarudi nyumbani jua likiwa limeshazama na kuwahubiria kuhusu uvumilivu watu ambao wamekuwa wakivumilia tangu asubuhi. Anayelipa anaujua umeme kwa shilingi zilizotoka kwenye simu yake. Anayekaa na joto anaujua kwa jasho lililodondoka juu ya kitambaa cha mteja. Hao wawili wakibishana, kila mmoja anasema kweli kuhusu kitu tofauti.

Mfumo wenyewe wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, umeuongezea ugomvi huu makali. Katika nchi ambazo bili huja mwisho wa mwezi, watu hugombana mara moja kisha wakasahau, lakini sisi tunaiona mita ikipungua kila siku, na kila anayepita mbele yake huwa hakimu. Kwa bei ambayo tumeizoea kwa miaka mingi, shilingi 292 kwa uniti kwa kundi la T1, yaani la wateja wa matumizi ya kawaida, ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine uniti moja hufika takriban shilingi 356, ndiyo maana elfu kumi huleta uniti 28. Halafu kuna siku ile ya kwanza ya kununua katika mwezi, ambapo kodi ya jengo, iliyoanza kukatwa kupitia luku mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 na kupandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023, huchukuliwa kimyakimya kabla ya uniti kuhesabiwa. Nakumbuka niliwahi kumtuhumu shemeji yangu, mdogo wake mke wangu anayesoma chuo na kuishi nasi, kwamba fedha niliyompa anunue umeme ameipunguza, kwa kuwa elfu kumi ilikuwa imeleta uniti zisizofika 24. Kijana wa watu alinionyesha ujumbe kwenye simu bila kusema neno, na makato yalikuwa yameandikwa pale.

Baada ya rimoti kugunduliwa (alikuwa akitafuta kifungo kinachofanana na cha koti lile), mke wangu alikataa kuendelea kubishana kwa maneno. Alichukua daftari lake la vipimo vya wateja, akafungua ukurasa mpya, na kwa muda wa wiki mbili tukawa tunaandika namba ya mita kabla na baada ya kila jambo. Nilikubali kwa furaha, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba daftari lingenipa ushindi.

Kiyoyozi usiku kucha, tukikiweka kwenye digrii 26 na mlango ukiwa umefungwa, kilikula kama uniti nne na nusu. Saa tatu za mchana zilikula uniti mbili na nukta nne, kwa kuwa chumba chetu kinatazama magharibi na jua la alasiri hupiga ukuta moja kwa moja. Feni kwa usiku mzima haikufika hata nusu uniti, na hapo nilianza kutabasamu. Kisha tukafika kwenye hita ya bafuni, ile ya kuchemsha maji papo kwa papo juu ya bomba, ambayo nguvu yake ni zaidi ya kilowati nne. Mtu mmoja katika nyumba yetu huoga maji ya moto hata katika mwezi wa Januari, asubuhi dakika 20 na jioni dakika 10, kwa madai kwamba maji ya baridi yanamletea mafua. Mtu huyo ni mimi. Daftari lilionyesha kwamba maji yangu ya kuoga yalikuwa yakila zaidi ya uniti mbili kwa siku, karibu sawasawa na saa tatu ambazo mke wangu alizitumia kushona magauni ambayo fedha yake huongezea ya mboga.

Hakusema kitu. Alipiga mstari chini ya namba hiyo kwa chaki ya kupimia nguo.

Kosa langu, na nadhani la wengi, ni kuhukumu kwa masikio. Kiyoyozi kinanguruma, kinatoa maji nje ya ukuta, kina rimoti inayoweza kufichwa, kwa hiyo ndicho kinachobeba lawama. Hita haina sauti, na jokofu la zamani ambalo mpira wa mlango wake umelegea hufanya kazi usiku na mchana bila mtu yeyote kulitazama kwa jicho baya. Pasi hali kadhalika: sare za shule zikipigwa pasi moja moja kila alfajiri, chuma kile huanza kupashwa moto upya kila siku, wakati zingeweza kupigwa zote Jumapili kwa mara moja.

Ugomvi wa aina hii niliujua kabla sijaoa, ila katika sura kali zaidi. Nilipokuwa kijana nilipanga chumba Sinza, katika nyumba ya vyumba vinane yenye mita moja. Kila chumba kilichangia elfu tano, awe mwenye chumba ana balbu moja au ana jokofu, televisheni na jiko la koili la kuvizia usiku. Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akigandisha barafu na kuiuzia watoto wa shule. Sisi tuliokuwa na balbu na feni tulisema anafanya biashara kwa umeme wetu, na yeye alitujibu kwamba barafu hiyo hiyo tunamkopa tukiwa na wageni. Umeme ulipokuwa ukiisha usiku, kila mmoja alijifanya amelala ili asiwe wa kwanza kutoa mchango. Baadaye mwenye nyumba alifunga submita na kuanza kutuuzia uniti kwa bei yake mwenyewe, iliyokuwa juu kuliko ya mita kubwa, na ndipo kwa mara ya kwanza vyumba vyote vinane vilipatana, dhidi yake.

Jambo ambalo hatukulitambua wakati ule ni kwamba dhuluma kubwa zaidi haikutokana na barafu ya yule mama. Kaya isiyotumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi inaweza kuwekwa katika kundi la D1, ambamo uniti huuzwa kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, na bei hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo. Lakini wapangaji wanane wenye balbu na feni, wakihesabiwa kwenye mita moja, hawawezi kubaki chini ya uniti 75 hata wakikaa gizani nusu ya mwezi. Kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja Sinza au Manzese hulipia uniti yake karibu mara tatu ya bei aliyokusudiwa, huku akimnunia jirani kwa sababu ya jokofu. Ninaona kwamba hapo ndipo tungepaswa kupaza sauti, na tumekuwa tukiipaza mahali pengine.

Kuna pia suala la nyumba zenyewe, ambalo mafundi wetu hawapendi kuulizwa. Nyumba za zamani za Ilala na Magomeni, zenye ukumbi unaopita katikati kutoka barazani hadi uani, zilijengwa na watu waliojua kwamba upepo ukipewa njia mbili utapita. Yangu ina bati juu, dari ya jipsamu iliyoshushwa ili ipendeze, na madirisha ya aluminiamu ya kuteleza ambayo, hata ukiyafungua yote, nusu yake hubaki imefungwa. Nililipa fedha nyingi kuzuia upepo usiingie, kisha nikalipa tena kununua mashine ya kuuleta. Tulipopanda mkaratusi upande wa magharibi jirani alitushauri tuukate kwa sababu ya mizizi, akatupa mche wa mwarobaini, nao bado haujafika usawa wa dirisha.

Mama yangu anaishi Njombe, ambako mwezi Juni na Julai watu hugombana kwa sababu iliyo kinyume na yetu. Alipokuja kwa matibabu mwezi wa pili alilala chini ya blanketi na kanga mbili huku akiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayenunua baridi kwa fedha. Kwao ubishi ni kuhusu jiko la mkaa: yeye anataka liingizwe chumbani usiku, mdogo wangu analitoa nje kwa sababu anajua kwamba mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, nayo imeshaua watu wengi usingizini. Katika ubishi huo sina ushauri wa kupatanisha. Mdogo wangu yuko sahihi na jiko libaki nje. Lakini nimeona kwamba hata huko anayeshinda sebuleni akiota moto na anayeshinda shambani akitoka jasho hawazungumzi kuhusu baridi moja. Dada yangu aliyeolewa Leeds, Uingereza, alinisimulia kwamba mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi hadi serikali ikalazimika kuweka kiwango ambacho kwa kaya ya matumizi ya wastani kilikuwa takriban pauni 2,500 kwa mwaka, mume wake alikuwa akishusha kidhibiti joto hadi digrii 18 kabla ya kwenda kazini, naye alikuwa akikipandisha mara tu gari likikata kona, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki na mtoto mchanga.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, maana niliitoa mwenyewe kwa miaka: fedha zina kikomo, na mtu ambaye hajui zinatoka wapi atazimaliza. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama tungeifuata katika mambo mengine. Fedha ya chakula ninampa mke wangu mwanzo wa mwezi na sijawahi kusimama jikoni nikihesabu nyanya. Ikipungua anajua namna ya kuifikisha tarehe 30. Kwa nini umeme, ambao anaujua kwa mwili wake kuliko mimi, uwe kitu pekee ninachokilinda kwa kufuli?

Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu fedha ya luku ninampa yeye pamoja na ya chakula, shilingi 90,000 ilipokuwa kaskazi, na hakuna tena anayeniomba rimoti. Alianza na mambo ambayo mimi nisingeyafikiria: pazia zito upande wa magharibi, kiyoyozi kuoshwa chujio kila baada ya wiki mbili, sare za shule kupigwa pasi Jumapili, na hita ya bafuni kuzimwa kwenye swichi yake ya ukutani hadi mwezi wa Juni. Ninaoga maji ya bomba, na mafua hayajanipata.

Mwisho wa mwezi huo, usiku wa Jumatano, niliamka kwenye saa nane nikiwa nimelowa jasho na kuona kiyoyozi kimezimwa, feni inazunguka taratibu, watoto wamelala. Mke wangu alikuwa macho. Niliuliza kulikoni, akanijibu kwamba zimebaki uniti kumi na moja na fedha inayofuata ni ya Ijumaa. Rimoti ilikuwa mezani, umbali wa mkono wangu. Niligeuza mto upande wa baridi nikalala.