Siku 15 kwa kila mwaka

Jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, aliitwa ofisini siku ya Ijumaa, saa kumi jioni. Mezani palikuwa na barua, nakala mbili, na kalamu juu yake. Kiwanda alichokitumikia miaka 9 na miezi 11 kule Industrial Area kilikuwa kinapunguza watu. Akatia sahihi. Ndani ya matatu ndipo aliposoma mstari wa mwisho: amekiri kwamba amelipwa haki zake zote na hana dai lingine. Jumla yote, shilingi 95,000.

Jioni ile tuliketi na simu tukapiga hesabu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka anayepunguzwa kazi alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mshahara wake ni 40,000. Ukigawa mwezi kwa siku 30, siku 15 ni 20,000. Mara 9, ni 180,000. Ongeza mwezi mmoja wa notisi ambayo hakupewa, 40,000, kisha siku za likizo ambazo hakuzichukua. Ile miezi 11 haihesabiwi, kwa kuwa mwaka haukutimia. Mwezi mmoja tu zaidi na angepata 20,000 nyingine.

Waajiri nao wana hoja, na si ya kupuuzwa. Mzigo huu huwaangukia wakati ule ule biashara imelemaa: oda hakuna, benki inadai, stima haijalipwa. Mwenye karakana ya watu 12 akiwalipa wote kwa mkupuo, huenda akafunga kabisa, hata wale aliotaka kuwabakisha wakakosa kazi. Wengine, kwa kuogopa siku hiyo, huajiri vibarua na watu wa mkataba wa miezi michache. Hilo naliona kila asubuhi kwenye mageti ya viwanda.

Ila hoja hiyo inahusu pesa tu, na sheria inadai zaidi ya pesa. Mwajiri hana budi kumwarifu mfanyakazi kwa maandishi, au chama chake cha wafanyakazi kama ni mwanachama, pamoja na afisa wa leba, mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na kiwango cha upunguzaji. Lazima achague wa kuondoka kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa katika kesi ya shirika la ndege la Kenya Airways mwaka 2014, majaji wamekuwa wakisisitiza kwamba notisi hiyo ni ya kushauriana, kutafuta kama kazi zinaweza kuokolewa. Kumwandikia mtu barua mapema na kuketi naye hakumfilisi mwajiri yeyote. Mwezi ule ndio ningeutetea kwanza, hata kuliko zile siku 15, maana ndani yake mtu hutafuta kazi nyingine, huomba karo icheleweshwe, huuliza maswali kabla ya kushika kalamu.

Jirani hakupewa hata wiki. Sahihi yake haijafunga kila mlango: mahakama hutazama kama mtu alisaini kwa hiari na kwa kuelewa, na ikiona aliachishwa isivyo haki inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Muda wa kushtaki ni miaka mitatu. Jumatatu anakwenda kwa afisa wa leba. Barua, hati za mshahara na kadi ya kazi ameshazitia kwenye bahasha moja ya kaki.