Acheni kuzidisha mshahara wangu mara 19

Huu ni mwaka wangu wa 11 Likoni, Mombasa, nashona nguo. Kila nikirudi Tanga, kabla hata sijatua begi, naulizwa: "Shilingi ya Kenya sasa hivi ngapi?" Nikijibu 19 za Tanzania, watu wananyamaza kidogo, wanapiga hesabu kimoyomoyo. Mshahara wangu wa 35,000 za Kenya mara 19 ni zaidi ya laki sita na nusu. Kuanzia hapo mimi ni tajiri, na kila harusi, kila msiba, kila ada ya mtoto inanitazama mimi.

Ndugu zangu, hesabu hiyo haina kosa, lakini inawadanganya. Inahesabu ninachopata kwa bei ya Tanga, wakati mimi nakula kwa bei ya Mombasa.

Asubuhi nanunua chapati shilingi 20. Igeuze kwa 19 upate 380, na chapati ya Tanga haiko mbali na hapo. Pakiti ya unga ya kilo mbili nikiipata kwa 150, ni 2,850 ya kwetu. Mama naye kilo mbili za sembe anazinunua karibu na bei hiyo hiyo. Halafu yapo ambayo nyumbani silipii kabisa. Hapa kodi ya chumba ni yangu, na maji nanunua kwa mtungi wa lita 20, muuzaji anapita na mkokoteni. Kwa mama bomba lipo uani, na sokoni naenda kwa baiskeli kama watu wote wa Tanga. Kivuko cha Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, hilo nalishukuru kila siku. Lakini ukishuka upande wa pili, matatu haikubebi bure.

Kinachoniuma zaidi ni watu wa pande zote mbili kufanya namba hiyo kipimo cha akili na bidii. Huku nimewahi kuambiwa pesa yetu ni ya kubeba kwa gunia. Kule wapo wanaodharau noti yao wenyewe. Hizi shilingi mbili ni pacha. Ya Tanzania ilitoka Juni 1966, ya Kenya Septemba mwaka huo huo, zote zikichukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki, zote 20 kwa pauni moja ya Uingereza. Moja kwa moja. Marehemu baba alizoea kuhesabu hivyo, na mpaka uzee wake hakukubali kwamba moja imekuwa kumi na kitu.

Tanga tunajua vizuri kuliko wengi yaliyotokea, kwa sababu mkonge uliokuwa ukiingiza dola ulikuwa wetu. Miaka ya 1960 nchi ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakadorora, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 hata tani 50,000 ilikuwa shida kufika. Hapo katikati mafuta yalipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na mpaka ukafungwa hadi 1983, tukapigana vita vya Kagera. Dola zikakauka. Lakini mwanzoni mwa 1986, kwenye karatasi za benki kuu, shilingi yetu na ya Kenya bado zilikuwa karibu sawa, kama 16 na kitu kwa dola. Mtaani hakuna aliyeuza dola kwa bei hiyo. Serikali ya Mzee Mwinyi ilipokubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka huo, shilingi ikashushwa thamani, na mwisho wa mwaka dola moja ilipita shilingi 50. Ukweli uliokuwa umefichwa ukaonekana. Kufikia mwaka 2000, shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 10 za kwetu.

Mnaonizidishia mshahara, angalieni mwaka 2024. Najenga chumba na sebule Tanga, na mfuko wa simenti nilikuwa naupata kwa 15,000. Januari, dola ilikuwa imefika kama 160 za Kenya, kila mtu ana wasiwasi nchi italipaje deni la dola bilioni 2 lililoiva Juni. Nikatuma 10,000, mama akapata kama 157,000: mifuko kumi. Februari Kenya ikakopa dola bilioni 1.5 kulipa sehemu ya deni hilo, hofu ikapungua, dola ikashuka hadi karibu 130. Kwetu nako dola zilikuwa adimu, shilingi inateremka. Juni nikatuma 10,000 ile ile, zikafika kama 204,000: mifuko 13. Shemeji akapiga simu kunipongeza kwa kupandishwa mshahara. Sikupandishwa hata senti. Desemba shilingi ya Tanzania ilipopanda, ikarudi kama 18 na nusu, nikaulizwa kwa nini nimebana mkono.

Nilikaa na simu sikioni nikiwa sina jibu, cherehani mbele yangu, gauni la mteja halijaisha.

Pale Horohoro, mpakani, niliwahi kuchenji pesa kwa kijana mmoja mwenye bunda mkononi, reti yake nzuri kuliko wote. Alihesabu mbele yangu haraka haraka. Nilipofika nyumbani nikakuta noti mbili zimekunjwa katikati, kila moja imehesabiwa mara mbili. Tangu siku hiyo nahesabu mwenyewe, polepole, noti moja moja.

Na mama nimemwomba tuhesabu vingine. Sasa namwambia nimeshona magauni mangapi. Wiki iliyopita nilimwambia: hii niliyotuma ni magauni manne, mama, na usiku mbili sikulala. Alinyamaza, kisha akasema simenti ingoje kwanza, nimalize kodi ya huku.