Kujaza wino kwenye printa mpya za picha: haki ni yako, lakini picha je?

Printa ya picha ikikuandikia kwamba wino umekwisha, mara nyingi haijauona wino wenyewe. Imepiga hesabu tu. Chipu iliyobandikwa kwenye katriji, yaani kisanduku cha wino, imejumlisha matone yaliyorushwa na kichwa cha kuchapia, ikaongeza yale yaliyotumika kusafishia, ikafika kikomo ilichowekewa kiwandani. Ni sawa na mtu anayehesabu vikombe alivyochota bila kuchungulia mtungini. Ipasue katriji hiyo na utakuta wino bado umo. Na kwenye printa nyingi za Epson hakuna kitufe cha kuilazimisha iendelee: hata ukiijaza katriji pomoni, chipu itashikilia kuwa ni tupu mpaka uibadilishe au uirudishe mwanzo kwa kifaa maalumu.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Upande mmoja unasema watengenezaji wanauza printa kwa bei nafuu ili wawakamue watu kwenye wino, na chipu ndiyo kufuli yao. Upande wa pili unasema anayejaza wino wa chupa usio wa mtengenezaji anaharibu mashine ya thamani na kuchapa picha zitakazopauka kabla ya wakati wake. Mimi naona maswali mawili yamefungwa pamoja hapa: nani mwenye katriji baada ya kuuzwa, na ni wino gani unaoifaa picha. La kwanza nawapa wanaojaza bila kusita. La pili, kwa picha za kudumu, nawapa watengenezaji.

Tuanze na haki, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Tarehe 30 Mei 2017, katika kesi ya Impression Products na Lexmark, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtengenezaji akishauza katriji, haki zake za hataza, yaani za kumiliki uvumbuzi, juu ya katriji hiyo zimekwisha. Hawezi kuitumia hataza kumzuia mtu anayeijaza na kuiuza upya, hata kama aliiuza kwa sharti kwamba isijazwe. Kesi ilihusu tona, yaani wino wa unga, za printa za leza, lakini hoja yake inaifikia katriji ya wino vilevile. Kilichobaki mikononi mwa kampuni ni chipu na programu iliyo ndani ya mashine, na matumizi yake tumeyaona. Septemba 2016 printa nyingi za OfficeJet za HP zilianza kukataa katriji za kampuni nyingine zilizokuwa zikifanya kazi bila tatizo. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga HP faini ya euro milioni 10 kwa kutowaeleza wateja waziwazi kuhusu vizuizi vya aina hiyo.

Tukio linalonishawishi zaidi, hata hivyo, ni la Canon. Mapema 2022, chipu zilipoadimika duniani, kampuni hiyo ilijikuta ikiuza katriji za tona zisizo na chipu kwa baadhi ya mashine zake za ofisini, ikawaelekeza wateja namna ya kulipita onyo litakalotokea kwenye skrini. Ilisema yenyewe kwamba ubora wa chapa hautaathirika. Kinachoweza kuyumba ni usomaji wa kiwango cha tona. Baada ya maelezo hayo, sioni anayeweza kusimama na kudai kwamba chipu ipo kwa ajili ya kulinda ubora.

Lakini haki ya kufanya jambo haimaanishi jambo lenyewe lina faida. Chukua ule wino unaobaki katriji inapotangazwa kuwa tupu, ambao wengi wanauita wizi. Kichwa cha Epson hurusha tone kwa kujikunja kwa kipande kidogo cha piezo, kitu kinachojikunja kikipewa umeme, kinachobana wino. Hewa ikiingia humo, msukumo unaishia kuibana hewa, tone halitoki, na mistari mitupu inajichora katikati ya anga la picha yako. Vichwa vya Canon na HP hutumia joto: kipande kidogo huchemsha wino mpaka povu lisukume tone nje, na wino huohuo ndio unaokipoza. Kikifanya kazi kikavu, kinaungua. Kwa hiyo akiba fulani ya wino ina kazi yake. Anayejaza kwa bomba la sindano lazima awe yeye mlinzi wa akiba hiyo: ajaze kabla katriji haijakauka, atoe mapovu, asiamini tena kipimo cha kwenye skrini.

Bei nayo ni hoja ya kweli. Printa ndogo ya picha ya Canon, PRO-300, hubeba katriji 10 zenye mililita 14.4 kila moja. Kubwa yake, PRO-1000, hubeba 12 zenye mililita 80. Mwenye mashine ndogo ananunua wino kwa vijisehemu, na anayenunua kwa vijisehemu hulipa zaidi kwa kila mililita. Sehemu ya wino huo haifiki kwenye karatasi kabisa: mashine inapoamka baada ya kukaa, hujisafisha na kuumwaga kwenye kisanduku cha wino taka, ambacho nacho mara nyingi kina chipu yake.

Hapa watu hujidanganya. Anayechapa mara mojamoja ndiye anayeumia zaidi akitazama bei ya katriji, naye ndiye wa mwisho kunufaika na kujaza. Chupa zake zitakaa rafu hadi zipitwe na muda, na tundu za kichwa zitaziba wakati mashine imelala, wino uwe halisi au wa chupa. Akiba ya kweli inamwendea anayechapa kila siku, ambaye wino haukai ndani ya mashine yake.

Sasa tuje kwenye picha. Wino wa printa za picha ni wa aina mbili. Upo ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa kwenye maji. Huo hung'aa na kupendeza kwenye karatasi laini. Upo wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembe ndogo sana zinazoelea. Huo hustahimili mwanga na hewa kwa muda mrefu zaidi. Kutengeneza pigmenti si kuchanganya rangi tu. Chembe zinatakiwa ziwe za ukubwa unaolingana, zipite kwenye tundu jembamba kuliko unywele, zisitulie chini kama masimbi. Wino wa kuyeyuka ni rahisi kuuiga. Wa pigmenti unaweza kuigwa ukafanana leo, tofauti ikaja kuonekana baada ya miaka.

Hata watengenezaji wamewahi kukwama. Mwaka 2000 Epson ilitoa printa za Stylus Photo 870 na 1270 zilizosifiwa kwa picha za kudumu, kisha baadhi ya wateja wakaona picha zao zikigeuka rangi ya chungwa. Gesi ya ozoni iliyomo hewani ilikuwa inaila samawati na kuziacha rangi nyingine. Huo ulikuwa wino halisi kwenye karatasi halisi. Wanaojaza hupenda kulitaja tukio hili, na wana haki, ila mimi nalisoma kinyume: kama kampuni yenye maabara zake ilishindwa kuligundua tatizo mapema, muuzaji wa chupa isiyotaja hata aina ya wino ataligundua kwa njia gani?

Kisha kuna suala la rangi. Printa hutafsiri rangi kwa faili la wasifu lililopimwa kwa wino fulani kwenye karatasi fulani. Badili wino, na vivuli vya kijivu vinaanza kuvuta kijani au majenta, ngozi ya mtu inapoteza uhai. Dawa ipo, nayo ni kupima upya kwa spektrofotometa, kifaa cha kupimia rangi, na kutengeneza wasifu wako, lakini gharama hiyo haionekani kamwe kwenye hesabu za wanaotangaza akiba.

Watengenezaji wenyewe wameanza kulegeza msimamo. Mwaka 2010 Epson ilianzia Indonesia kuuza printa zenye matangi ya kujazwa kwa chupa, mahali ambapo watu walikuwa wameshazoea kuziunganishia mashine matangi ya nje. Leo ipo ET-8550, printa ya picha ya rangi sita inayojazwa kwa chupa za mililita 70. Kwa anayechapa picha za sherehe, albamu na mabango, hiyo inamaliza mjadala, wala sioni sababu ya kutoboa katriji. Ila rangi zake ni za kuyeyuka, isipokuwa nyeusi moja ya pigmenti. Anayetaka picha za pigmenti bado yuko kwenye dunia ya katriji na chipu.

Kwa hiyo mimi ningejaza bila wasiwasi printa ya wino wa kuyeyuka inayofanya kazi kila siku, iliyokwisha kutoka kwenye dhamana. Nisingeijaza printa ya pigmenti inayochapa picha za kuuzwa kwa ahadi ya kudumu, kwa sababu mnunuzi analipia ahadi ambayo wino wa chupa hauwezi kuithibitisha. Aliyekwisha kuuza picha za namna hiyo amweleze mnunuzi ni wino gani uliotumika.

Na anayetaka kuujua wino wake achape picha moja mara mbili, kwa wino halisi na kwa wa chupa, kwenye karatasi ileile. Azifunike nusu kwa kadibodi, azibandike pamoja dirishani panapopigwa na jua, azifunue baada ya miezi kadhaa na kulinganisha. Jaribio lirudiwe kila anapofungua chupa za mzigo mpya, maana muuzaji anaweza kubadili mchanganyiko bila kubadili lebo.